Shingo ya Bathsheba

Bathsheba ni muuza ndizi katika soko la Rangwe. Kila asubuhi gari lilipoleta mikungu, wenzake walibeba mmoja mmoja kichwani. Yeye alibeba miwili, mikono ikining'inia, akitembea bila haraka ili watu wamwone. Kusema kweli, alipendeza.

Mwaka huu shingo ilianza kumuuma. Kisha mkono wa kulia ukafa ganzi. Siku moja kisu cha kukatia ndizi kilimponyoka, kikaanguka karibu na mguu wa mteja. Bathsheba aliogopa. Bila mkono huo, angeuzaje?

Binti yake, Mellen, alimwomba aende hospitali. Alikataa. Alisema wanawake wa Kisii huzaliwa na shingo ngumu, na kwamba maumivu hayo ni ya watu wa ofisi. Mellen hakubishana. Alimshika mkono, wakaenda hospitali ya Homa Bay.

Huko mtaalamu wa tiba ya viungo aitwaye Nyamhanga alimpima nguvu za mikono na kutazama picha ya eksirei. Alieleza kwamba shingo ina mifupa saba midogo, na kati yake kuna visahani laini. Umri na mizigo huvichakaza. Mfupa huota vichomozo, neva ziendazo mkononi hubanwa, mkono hufa ganzi.

"Lakini sisi si tumeumbwa tofauti?" Bathsheba aliuliza.

"Kidogo," Nyamhanga alijibu. "Watafiti wamepima shingo za watu wa sehemu nyingi. Njia ya neva kwa wengine ni pana, kwa wengine nyembamba. Lakini hakuna kabila lenye shingo isiyochakaa, Mama. Sisi Wakuria pia tunajisifu hivyo. Mama yangu alijisifu, na yake ilichakaa. Hii yako tumeipima yenyewe. Imechoka."

Maneno hayo yalimwingia Bathsheba.

Alifundishwa mazoezi. Akakatazwa kubeba kichwani. Akaambiwa pia kwamba ganzi ikizidi au miguu ikilegea, arudi mara moja.

Kesho yake alifika sokoni akisukuma wilbaro ya kuazima. Wenzake walimcheka, wakauliza kama sasa anajenga nyumba. Kicheko hicho kilimuuma kuliko shingo. Hata hivyo alisukuma kila siku, na mazoezi hakuacha.

Baada ya miezi mitatu mkono ulishika kisu sawasawa. Sasa akina mama watano wa Rangwe wana wilbaro. Ukiwauliza nani alianza, Bathsheba hangoji wajibu; anajitaja mwenyewe.