Saini ya Mwalimu Machage

Kila asubuhi, baada ya kufagia uwanja wa shule, Agustina alipitia faili la klabu ya mazingira. Alikuwa darasa la sita, katibu wa klabu, na hakupenda kazi ilale.

Siku hiyo faili lilikuwa na barua ya kuomba kibali cha kwenda kuona wanyama Serengeti, pamoja na orodha ya wanafunzi. Utaratibu ulijulikana. Mwalimu Machage, mlezi wa klabu, anakagua na kuweka saini, kisha Mwalimu Mkuu anaidhinisha na kugonga muhuri. Ukaguzi wa Mwalimu Machage ulichosha. Alisoma majina darasani moja moja, na kila aliyetajwa alisimama.

"Yuko kwenye kikao cha kata," alisema Mwikwabe, rafiki yake. "Na bodaboda wa kupeleka barua wilayani anaondoka saa nne. Leo ndiyo mwisho!"

Agustina akaiga saini ya Mwalimu Machage, akaipeleka barua ofisini.

"Machage ameshakagua? Haya," alisema Mwalimu Mkuu, Leonida. Akagonga muhuri, na barua ikakabidhiwa kwa bodaboda.

Nje, Vedasto, mwanafunzi mgeni, alikuwa akitamba. Baba yake, mchimba dhahabu, alikuwa amehamia hapo kijijini Kerende mwezi uliopita. "Nitawahesabu tembo wote!"

"Utawakimbia," Mwikwabe alimtania.

"Wataikimbia hiyo kaptula yako!"

Agustina alishtuka. Vedasto alikuwa amejiunga na klabu wiki iliyopita. Agustina akafungua nakala ya barua iliyobaki kwenye faili. Ilikuwa na orodha ya zamani, na Vedasto hakuwamo. Asiyekuwamo angerudishwa kwenye geti la hifadhi.

Pikipiki ikawashwa. Angenyamaza, lawama zingemwangukia Mwalimu Machage.

"Kaka, simama!" alipiga kelele, kisha akakimbilia ofisini. "Mwalimu, ile saini niliiweka mimi. Na jina la Vedasto halimo."

Mwalimu Leonida akachukua simu, akamwita Mwalimu Machage. Mwalimu Machage alifika akihema.

"Nakupa dakika kumi, mwalimu," alisema bodaboda.

Majina yakasomwa. La mwisho, lililoongezwa kwa kalamu, lilikuwa la Vedasto. Alisimama wima kama askari. Saini ikawekwa, muhuri ukagongwa, pikipiki ikaondoka.

"Ukatibu utauacha hadi muhula ujao," Mwalimu Leonida alimwambia Agustina. "Mimi sikusoma majina kwa sababu niliamini saini ya mwenzangu. Ukiighushi hiyo, hata yangu haina maana. Barua ingechelewa, tungeomba tena wakati mwingine. Vedasto angerudishwa getini, ungemwambia nini?"

Agustina akaliweka faili la klabu mezani.