Ufagio Hakuandika Sababu

"Ufagio ni nani?"

Aliyeulizwa alikuwa mfamasia. Alikuwa amemshikia mchumba wake kikombe cha chai kwenye korido, nje ya ukumbi wa mkutano wa watafiti wa kazi za kujitolea za mtandaoni. Zimebaki dakika ishirini bibie apande jukwaani, na kompyuta yake imegoma kuelewana na mitambo ya ukumbini, ndiyo maana ameazima ya mfamasia. Alifungua ile kamusi elezo ya mtandaoni inayoandikwa na yeyote na kusahihishwa na yeyote, na juu kwenye kona akasoma: Karibu tena, Ufagio.

Jina hilo alilijua. Miaka sita nyuma, akiwa mgeni kwenye kamusi hiyo, aliandika aya kuhusu dawa ya homa ya watoto. Mtu aliyejiita Ufagio akaifuta. Akairudisha, ikafutwa, mara kumi na tisa, bila neno hata moja kwenye kile kisanduku ambacho anayefuta hutakiwa kueleza sababu. Alilia, akasusa, na hasira ile ndiyo iliyozaa utafiti wake wote. Leo alikuja kuwaambia wasomi mia mbili kwamba watu kama Ufagio ndio wanaofukuza wageni. Na harusi ni mwezi ujao.

"Ulijua lini kwamba ni mimi?"

"Siku uliponisimulia. Tulikuwa tumeonana mara tatu tu."

"Hiyo ni miaka miwili."

"Kila nikitaka kusema, ulimi unakuwa mzito. Ulikuwa unamchukia sana."

Alipombana aseme kwa nini alifuta, mfamasia alimwomba asome mwenyewe alichokiandika. Kamusi ile haitupi kitu, kila kilichofutwa kinabaki kwenye historia ya ukurasa. Akakikuta. Kijiko kikubwa, kutwa mara tatu. Mtoto mdogo angepewa dozi ile, mambo yangeharibika. Miaka yote hiyo alihesabu alivyofutwa, akachora na michoro, lakini hakuwahi kurudi kusoma kilichofutwa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, kisha hasira ikarudi palepale.

"Ungeandika basi. Maneno matatu tu: kijiko cha chai."

"Nilikuwa dirishani nikitoa dawa, foleni ndefu, nafuta kwa simu. Halafu ikawa mazoea."

"Na mimi je? Kuninyamazia mimi nako ni mazoea?"

Simu ikalia. Ujumbe wa mama: "Mwanangu, tumejaa sebuleni tunatazama mkutano wenu mtandaoni. Shangazi yako anauliza mkwe amekaa wapi, hatumuoni."

Alitaka kucheka, machozi yakamlenga. Akaanza kuizungusha pete ya uchumba aivue. Ilikuwa imefika kwenye kifundo cha kidole alipoitwa jukwaani.

 Alianza vizuri, akapita kurasa za mwanzo, akafika kwenye mchoro wa Ufagio na kusimama. Akawaambia ana masahihisho. Aliyefutwa mara kumi na tisa ni yeye mwenyewe, na aliandika dozi ya hatari. Ufagio alifanya sawa kufuta, akakosea kunyamaza. 

Profesa mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Huyo Ufagio umewahi kumhoji?"

"Nimempata leo, profesa. Mahojiano hayajaisha."

Watu wakacheka. Mfamasia, kule nyuma kabisa alikojificha, hakucheka. Alikuwa ameinamia simu.

Bibie alishuka, akakaa mstari wa mbele. Simu ikatetemeka, taarifa kutoka kwenye kamusi: Ufagio amebadili ukurasa wa dawa ya homa. Alichoongeza ni mkato mmoja tu. Lakini kisanduku cha sababu, kwa mara ya kwanza, kilikuwa kimejaa.

"Mwandishi alikosea kijiko, mimi nilimkosea yeye. Niliogopa kumpoteza, nikanyamaza. Naomba asinifute."

Akasoma mara mbili. Akairudisha pete chini mahali pake. Kisha akamfuta kwa kuuondoa ule mkato, na sababu akaiandika:

"Nimefuta kwa sababu mambo ya nyumbani hayawekwi kwenye ukurasa wa dawa. Harusi iko palepale. Njoo ukae huku mbele, mama anakutafuta."