Duara la Baba Pacha

Grafu ilichora bonde mahali palipopaswa kuwa tambarare. Mtafiti alipofungua kijisanduku, alikikuta kitupu: mumewe, fundi wa maabara, alikuwa amesahau kuweka kipande cha semikondakta kilichopaswa kupimwa. Ndani ya kipande hicho elektroni hubanwa kwenye tabaka moja jembamba, na sumaku ikiwashwa huzunguka. Mzunguko huo ndio huchora bonde; nguvu ya sumaku ikizidi, duara hupungua. Sasa bila kipande, kilichokuwa kikizunguka ni nini?

"Mgeni," fundi akacheka, akigonga tangi la sumaku. "Karibu mgeni, tuzunguke wote."

Mzaha mwingine huitikiwa. Adhuhuri chumba kilinuka nywele zilizoungua, na fundi alikuwa akilizunguka tangi, macho wazi, hapepesi.

"Baba Pacha, acha basi."

Hakuacha. Mkewe alimshika mkono, akaburuzwa naye. Sumaku ile haizimwi kwa swichi. Mkondo wake wa umeme huzunguka wenyewe mpaka ushushwe pole pole. Hofu ilimpotosha, akabonyeza kitufe cha kupandisha. Duara likabana, fundi akaanza kukimbia, bega likisugua chuma mpaka damu ikachora mstari.

Shangazi yake mtafiti, mganga aliyeitwa kwa simu, alifika akiwa ameziba pua. "Kimempanda," alinong'ona. "Mashine ndiyo inayokishika?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ishushe, kitaondoka."

"Na yeye?"

Shangazi alielekeza kidole kwenye kitufe. Mtafiti aliogopa, maana wanafunzi wake aliwafundisha mwenyewe kwamba bila sumaku elektroni haizunguki, husafiri moja kwa moja kwa mstari ulionyooka. Lakini damu ilikuwa inazidi. Akashusha, na duara likapanuka, fundi akapindua meza, akatoka mlangoni, akazunguka jengo, akapita dirishani uso umelegea, akachelewa, akapita tena kwa mbali zaidi, nyuma ya uzio, na kila mzunguko ulikuwa mrefu kuliko uliotangulia, hadi kipimo kikasoma sifuri.

Harufu ikakatika. "Kimetoka," shangazi alisema.

Mtafiti alisimama dirishani kumngoja mumewe. Alingoja sana. Simu ikaita, ni binti yake, mmoja wa pacha.

"Mama, baba amepita hapa nyumbani. Tumemwita, hajageuka."

"Amekwenda wapi?"

"Ameruka ukuta wa jirani. Kuna njia pale pembeni, lakini hajakata kona."