Mtumbwi wa Shule Haukuwepo

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, Mpogoro wa Mahenge, na kwa sasa naishi Ifakara, ambako nashona nguo kwenye baraza ya duka moja karibu na soko. Wanaopita huniona nikikanyaga cherehani kimya kimya, wakadhani nimetulia. Hawajui. Naandika leo kwa sababu masika yanakaribia, na watoto wataanza tena kupita majini kwenda shule...

Niliolewa nikiwa na miaka kumi na tisa. Mume wangu, Benedikti, alikuwa mwalimu. Msichana gani hangefurahi? Mwalimu alikuwa mtu mkubwa, mwenye kaptura iliyopigwa pasi na baiskeli yenye kengele. Mimi nami nilifika darasa la nne kwa masista, basi watu wakasema tumefaana. Tulifunga ndoa kanisani, akapangiwa shule ndogo huko bondeni, safari ya kutwa nzima kwa miguu kutoka Ifakara. Mungu alitupa mtoto mmoja tu, binti, Yustina.

Shule ilikuwa jengo la miti na udongo, paa la nyasi, katikati ya mashamba ya mpunga. Kiangazi ilikuwa mahali pazuri. Lakini kati ya shule na kanisa, palipoinuka na penye nyumba zetu, kulikuwa na bonde dogo. Mto ukijaa, maji hupita hapo kwanza, na shule hubaki kama kisiwa.

Masika moja watoto walinusurika kuzama wakirudi nyumbani. Wazazi walikuja juu. Jumbe akaitisha mkutano, na padri aliyesimamia shule naye akaja. Yakakubaliwa mambo ambayo kila mtu aliyaelewa: wazazi watachonga mtumbwi mkubwa, nao utafungwa pale shuleni masika yote, usitoke kwa shughuli nyingine yoyote. Rimu ya lori itundikwe mtini, igongwe maji yakija. Watoto wakimbilie kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya darasa, wasubiri kuvushwa.

Mume wangu alisimama mbele ya watu wote akasema, "Hawa ni wanangu. Mtumbwi huu nitaulinda kama nyumba yangu."

Watu walimpigia makofi. Mimi pia nilipiga...

Aliyeuchonga mtumbwi ule alikuwa mzee Kasiani, Mndamba, mvuvi wa miaka mingi. Wazazi wengine walisaidia kuuburuta kutoka msituni.

Masika yaliyofuata, mume wangu alianza kuwa na safari. Mara kaenda misheni kufuata chaki, mara kaitwa na padri. Akiondoka aliniambia, "Mama Yustina, nishikie darasa. Wewe unajua kusoma, wasomeshe hesabu tu mpaka nirudi." Nami nilikwenda. Niliona ni heshima, mke wa mwalimu kusimama ubaoni.

Siku ile aliondoka alfajiri, nikiwa bado jikoni nawasha moto. Nilipofika shuleni na Yustina, nikaona kamba imelegea kwenye nguzo, mtumbwi haupo. Nikadhani wazazi wameuchukua kuuziba ufa. Jua lilikuwa linawaka. Hapakuwa na wingu hata moja. Nani angefikiri juu ya mafuriko?

Lakini mvua ilikuwa imenyesha huko milimani usiku kucha, na sisi huku chini hatukuisikia.

Watoto walikuwa wakiimba jedwali la tatu nilipoona maji yakiingia mlangoni. Hayakuja kwa kelele. Yaliingia polepole, yakabeba vumbi na majani makavu mpaka chini ya madawati. Nilitoka nje nikatazama upande wa kanisa. Lile bonde lilikuwa limekwisha kuwa mto!

Nikagonga rimu. Niligonga mpaka mikono ikafa ganzi. Lakini watu wengi walikuwa mashamba ya mbali, kwenye madungu, wakifukuza ndege wa mpunga. Watoto wakubwa walijua la kufanya, maana waliambiwa mkutanoni pamoja na wazazi wao. Waliwashika wadogo mikono, tukapanda wote kichuguuni. Hakuna aliyelia. Yustina, aliyekuwa darasa la pili, alikuwa akiwaambia wenzake, "Msiogope, mtumbwi upo. Baba ataleta mtumbwi..."

Wasomaji, mnaweza kufikiri nilivyojisikia?

Aliyekuja ni mzee Kasiani. Alikuwa akitega samaki kwenye matete akasikia rimu. Alikuja na kimtumbwi chake cha kuvulia, chembamba, cha kubeba watoto wachache tu.

"Mwanangu, mtumbwi wa shule uko wapi?" aliniuliza.

"Sijui, mzee. Sijui kabisa."

Akatazama wale watoto, akatazama maji. "Basi nipe wadogo kwanza," akasema.

Akaanza kuvusha. Anakwenda mpaka upande wa kanisa, anashusha, anarudi akisukuma kwa upondo. Kila akirudi maji yalikuwa yamepanda na kichuguu kimepungua. Mara ya kwanza aliponyoosha mkono kumchukua Yustina, nilimzuia. Nilikuwa mke wa mwalimu. Wazazi wa watoto wale wangesema nini, kwamba nimeanza na wangu? Nikamwambia, "Huyu atapanda na mimi." Yustina hakubisha. Alinishika kanga akasimama kando yangu.

Mwishoni tulibaki sisi wawili na mvulana mdogo aitwaye Leo, mtoto wa jirani, aliyekuwa na homa na hakutaka kuachana nami. Nilimfunga mgongoni. Mzee Kasiani alikuwa njiani kuturudia, namwona kabisa, jasho linamtiririka usoni. Labda hatua chache tu zilibaki...

Kichuguu kikameguka.

Udongo wote wa upande wetu uliteleza majini, na sisi juu yake. Nilizama nikainuka, nikazama tena. Mkono wa mzee ulinishika nywele ukanivuta. Leo alikuwa mgongoni, anakohoa, mzima. Nilishika kanga yangu nikaivuta, nikaivuta mpaka ncha yake... haikuwa na mtu.

Mzee Kasiani aliruka majini pale pale, mtu mzima yule, ijapokuwa mto ule una mamba. Alizamia mpaka wavuvi wenzake walipokuja kumtoa kwa nguvu. Maji yalipopungua ndipo wavuvi walimkuta mwanangu kwenye matete, upande wa chini. Nguo yake ya shule ilikuwa bado imefungwa vifungo vyote. Nilivifunga mimi mwenyewe asubuhi ile.

Benedikti alirudi jioni ya siku ya mafuriko, nguo zake kavu. Alilia sana. Nilimwonea huruma, wasomaji, nikamkumbatia nikidhani tunalia kilio kimoja.

Kumbe alikuwa na lake. Msibani, mbele ya jumbe na padri, aliulizwa habari ya mtumbwi. Akasema maji ndiyo yaliyokata kamba yakauchukua. Kisha akainamisha kichwa akaongeza, "Sipendi kusema, lakini mke wangu alichelewa. Angewaruhusu watoto mapema, yote haya yasingetokea."

Nilikaa pale chini kwenye mkeka, mwanangu hajamaliza hata siku tatu kaburini, nikasikia baba yake akinitwisha kifo chake! Nilisema kamba niliikuta imelegea tangu asubuhi, kabla ya maji, lakini watu wakamwamini yeye. Yeye ni mwalimu, mimi ni nani? Wanawake waliokuwa wamenishika mabega walianza kuniachia, mmoja mmoja. Mama yake Leo peke yake hakuondoa mkono wake.

Siku ya kuanua tanga alikuja mwanamke nisiyemjua. Alikuwa amevaa kaniki, amefunga mtandio mweusi, ametoka ng'ambo ya mto. Jina lake Asteria, mjane. Aliwaamkia wazee kwa adabu, kisha akapiga magoti mbele yangu.

"Dada," alisema, "mimi niliambiwa kwamba wewe ulirudi kwenu Mahenge zamani, na kwamba mtoto yuko huko nawe. Kama ningejua, mtu huyu asingekanyaga mlango wangu."

Benedikti alisimama akamwambia anyamaze. Yule mama hakumtazama hata kidogo. Aliwageukia wazee.

"Mtumbwi haukuchukuliwa na maji. Umefungwa kwangu; jioni ile alivushwa na mvuvi, akauacha. Aliuleta mwenyewe asubuhi ile, kama alivyouleta siku nyingine. Niliposikia rimu ikigongwa kwa mbali, nilimwambia, hiyo si shule yako? Akasema ni watoto wanacheza."

Ni watoto wanacheza...

Mzee Kasiani aliinuka, akatoka nje, nikamsikia akilia nyuma ya nyumba, kilio cha mwanamume mzima. Padri alimuuliza Benedikti mara mbili kama ni kweli. Akabaki anatazama viatu vyake.

Alifukuzwa kazi. Aliondoka bila kuniaga, na mpaka leo sijui aliko. Asteria alirudisha mtumbwi mwenyewe, akiusukuma peke yake kuvuka mto. Sikuwahi kumchukia. Shule ilihamishiwa karibu na kanisa, palipoinuka, jambo ambalo lingeweza kufanywa tangu mwanzo bila kuzika mtu. Mimi nilishindwa kuishi pale. Kila nikisikia watoto wakiimba jedwali, nilikuwa naacha kazi na kutoka nje kutazama maji. Ndiyo maana nikaja Ifakara.

Wazazi wenzangu, na ninyi walimu mnaosoma haya, sheria ya kuwalinda watoto si maneno ya mkutanoni. Tulikuwa na sheria nzuri, tulikuwa na mtumbwi mzuri, tulikuwa na mahali pa kukimbilia. Yote yaliharibiwa na mtu mmoja kwa sababu hakuna aliyekuwa akienda kutazama. Tulimwamini kwa kuwa alikuwa msomi, tukaona haya kumchunguza.

Nawasihi msione haya. Nendeni shuleni siku ya kawaida, jua likiwaka. Ulizeni maji yakija watoto watapita wapi. Moto ukishika nyasi, mlango wa pili uko wapi? Mwalimu akisafiri, nani anabaki, na ameachiwa nini? Ukiambiwa mtumbwi upo, omba uushike kwa mkono wako. Mwalimu akikasirika, na akasirike. Hasira yake itaisha kabla ya kengele ya kurudi nyumbani, na mtoto wako atarudi nyumbani.

Mwaka huu Yustina angekuwa anamaliza darasa la nne.