Mtaro Uliochorwa kwa Chaki

Duka lilikuwa moja, lakini kazi ndani yake zilikuwa mbili. Upande wa kushoto alikaa Fundi Viatu, na nyundo yake, gundi yake na rundo la soli kuukuu. Upande wa kulia alikaa mkewe. Yeye aliuza vifungo, zipu, nyuzi na lastiki, na mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo. Mteja aliyeleta kiatu kilichochanika mara nyingi aliondoka pia na uzi mweusi.

Nyuma, kwenye kiti kifupi, alikaa mama yake Fundi. Alitembea kwa fimbo. Kila siku alikuja dukani kuchambua vifungo kwa rangi.

"Macho bado yanafanya kazi," alikuwa akisema. "Miguu ndiyo imestaafu."

Jumatatu moja asubuhi walikuta vigingi barabarani. Vilikuwa vipande vya mbao, vimepakwa rangi nyekundu kichwani. Vilipigiliwa kwa mstari mmoja kutoka kona ya juu ya mtaa hadi kona ya chini. Kimoja kilikuwa hatua mbili tu kutoka mlango wao.

Kwenye nguzo ya taa palikuwa na karatasi yenye mhuri wa ofisi ya mji. Ilikuwa pale kwa wiki tatu. Watu walikuwa wakiiegemea tu, wakisubiri wenzao.

Kinyozi wa duka la jirani alitoka na mkasi mkononi. "Wanatubomolea," alisema. "Kigingi chekundu kina maana gani nyingine?"

"Mimi naona wanaleta mtaro," alisema Mama Vifungo. "Waje hata leo. Mvua zilizopita maji yameingia humu mara mbili. Zipu zangu zote za chuma zimeota kutu."

"Mtaro gani unapita kwenye kizingiti cha mtu?" aliuliza mumewe.

"Umesoma karatasi?"

"Kinyozi ameisoma."

"Kinyozi amesoma mstari wa kwanza, mteja akamwita."

Fundi alikasirika. Aliona mkewe anawatetea watu wanaotaka kumfukuza. Mkewe naye aliona mumewe amejitia upofu. Kwa siku tatu hawakusemezana ila kupitia kwa mama.

"Mama, mwambie mwanao chai iko mezani."

"Mama, mwambie mkweo nimeiona."

"Mimi si simu," alisema mama. "Semezaneni wenyewe."

Mtaa nao uligawanyika. Wenye maduka ya kona ya chini, ambako maji hutuama, walitaka mtaro uanze kuchimbwa kesho. Wa juu hawakutaka hata kusikia. Watu waliokuwa wakiazimana ngazi na ufagio sasa walipitana kimya.

Alhamisi alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa, Fundi na Kinyozi waling'oa vigingi kumi na kimoja. Fundi alivitia ndani ya gunia lake la vipande vya ngozi.

Saa nne likaja gari la ofisi ya mji. Walishuka wapimaji wawili, afisa mipango na askari mmoja. Afisa alitazama mashimo yaliyobaki. Alisema kwa sauti ya kusikika pande zote, "Kung'oa alama za upimaji ni kosa. Aliyefanya hivi tutamtafuta."

Fundi alijigonga kidole kwa nyundo.

Wakati huohuo Mama Vifungo alikuwa ameinama kwenye gunia la mumewe. Alitaka kipande cha ngozi cha kukazia kifuniko cha sanduku lake kilicholegea. Mkono wake uligusa mbao. Akaona rangi nyekundu. Alifunga mdomo wa gunia na kukaa juu yake.

Askari akaingia. "Habari za kazi. Kuna aliyewaona watu hapa alfajiri?"

"Sisi hufungua saa mbili, afande," alisema Mama Vifungo.

Askari alimtazama. Akamtazama Fundi aliyekuwa akinyonya kidole. Kisha akatoka.

Mama Vifungo aliinuka polepole. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alisema na mumewe moja kwa moja.

"Sikumdanganya. Lakini ukweli sikumwambia pia. Umeniweka mahali pabaya, baba watoto."

Fundi aliinamisha kichwa. Alitaka kusema kwamba alifanya vile kwa ajili ya duka, kwa ajili ya mama. Badala yake alilivuta gunia karibu na miguu yake.

Hapo aliingia Bi Rula. Huyu alikuwa jirani yao wa nyumbani. Alifanya kazi ya kuchora ramani katika ofisi ya mipango miji kwa miaka mingi, na hata baada ya kustaafu hakuacha kubeba rula mkobani. Alikuja kununua zipu ya gauni. Aliona nyuso zao, akaona na kichwa chekundu cha kigingi kikichungulia kwenye gunia.

"Ni ninyi?" aliuliza taratibu.

Fundi aliitikia kwa kichwa.

Bi Rula alivuta kiti. "Sikiliza, fundi. Kigingi si nyundo ya kubomolea. Kinaonyesha mahali wanapofikiria kujenga. Bado hawajaamua. Ile karatasi kwenye nguzo inasema mchoro uko wazi ofisini, yeyote aende auone saa za kazi. Inasema maoni ya maandishi yanapokelewa hadi kesho Ijumaa, saa tisa alasiri. Jumamosi kuna mkutano katika ukumbi wa shule."

"Wiki tatu nimepita mbele ya karatasi hiyo," alisema Fundi.

"Wengi wamepita. Sasa una kazi mbili. Ya kwanza, rudisha vigingi kwa mikono yako kabla hawajaja kuvichukua. Ya pili, ukauone mchoro. Huwezi kupinga kitu usichokijua, wala kukiunga mkono." Hapo alimgeukia Mama Vifungo. "Nawe pia, dada. Umeuona mchoro?"

Mama Vifungo alitikisa kichwa. Hakuwa ameuona.

Walifunga duka, wakaondoka pamoja na Bi Rula. Mama alibaki kwa Kinyozi. Fundi alibeba gunia begani, akawa anasikia mbao zikigongana kwa kila hatua. Njiani alisimama mara mbili. Mara ya pili mkewe alishika upande mmoja wa gunia, wakabeba wote wawili.

Afisa mipango alikuwa mezani. Fundi aliweka gunia sakafuni.

"Ni mimi niliyeving'oa," alisema. "Niliogopa. Nimevirudisha vyote."

Hakumtaja Kinyozi. Afisa alihesabu vigingi. Aliandika jina la Fundi kwenye daftari.

"Ningeweza kumwita askari sasa hivi," alisema. "Wapimaji wamepoteza siku nzima kwa sababu yako. Kwa kuwa umekuja mwenyewe, hili ni onyo. Likitokea tena, halitaishia hapa."

"Nimeelewa, mheshimiwa."

"Haya, nendeni."

Mama Vifungo hakuondoka. "Tumekuja pia kuona mchoro."

"Mchoro mtauona kwenye mkutano."

"Tangazo lenu linasema uko wazi saa za kazi," alisema Bi Rula kwa upole. "Na sasa ni saa za kazi."

Afisa alimtambua, akatabasamu kidogo. Akalifungua kabati.

Mchoro ulitandazwa mezani. Bi Rula alitoa rula yake. "Anza na kitu unachokijua," alimwambia Fundi. "Shule hii hapa. Nguzo ya taa hii hapa. Hesabu milango."

Fundi alihesabu kwa kidole. Alipata duka lake. Lilikuwa kisanduku kidogo, na hakuna mstari uliolikata. Tangu Jumatatu hakulala vizuri kwa sababu ya jambo ambalo halikuwamo.

"Hawabomoi," alisema.

"Hawabomoi," alisema mkewe. Lakini yeye alikuwa bado anatazama. "Bi Rula, huu mstari mnene wa buluu mbele ya milango ni nini?"

"Ndio mtaro wako."

"Una upana gani?"

Bi Rula alipima. "Mita moja na nusu. Kina chake, hapa wameandika, kinafika kiunoni. Uko wazi, hauna mfuniko. Madaraja ya kuvukia ni mawili: kona ya juu na kona ya chini."

Mama Vifungo alihesabu milango kati ya madaraja hayo. Ilikuwa ishirini na sita. Duka lao lilikuwa katikati kabisa.

"Sasa mama ataingiaje?" aliuliza.

Mumewe alihesabu tena milango hadi kona.

Alasiri ile Fundi alichukua chaki anayochorea soli. Alipima mita moja na nusu mbele ya duka, akachora mistari miwili myeupe chini, mlango hadi mlango. Watu walianza kukusanyika, wa juu na wa chini.

"Unachora nini, fundi?"

"Mtaro tunaougombania."

Mama yake, aliyekuwa ametoka kwa Kinyozi kwenda kukaa kivulini ng'ambo ya barabara, alikuja na fimbo yake. Alitaka kurudi dukani. Alifika kwenye mstari wa kwanza akasimama. Alinyoosha fimbo. Haikufika mstari wa pili.

"Nipite wapi, mwanangu?"

"Kwenye daraja la kona, mama. Kisha urudi kwa ndani, chini ya kuta."

Alitazama kona ile, mbali, penye jua kali. "Basi nitakaa nyumbani," alisema.

Muuza magodoro wa kona ya chini, aliyetaka mtaro kuliko wote, aliuliza, "Na magodoro yangu yatavukaje?" Kinyozi, aliyekuwa mpinzani mkuu, alisema, "Kwa hiyo duka langu lipo?" Hapo ndipo walipoanza kuzungumza kama zamani.

"Tuandike hatuutaki," alisema mmoja.

"Hapana," alisema Bi Rula. "Ukiandika 'hatutaki' tu, mwenye kusoma hana la kufanya. Andika unataka nini, wapi, na kwa nini. Na sema pia kizuri mlichokiona, ili wajue mmesoma."

Kabla usiku haujaingia, barua ilikuwa tayari. Aliyeandika ni Mama Vifungo, juu ya kabati la vifungo. Ilisema hivi:

*Sisi wenye maduka na wakazi wa mtaa huu tumeuona mchoro. Tunaukubali mtaro, kwa sababu maji ya mvua yanaingia madukani. Tunaomba ufunikwe kwa mifuniko ya zege mbele ya milango yote ishirini na sita. Wazee, wagonjwa, wenye watoto wadogo na wenye mizigo hawataweza kuzunguka kwenye madaraja mawili. Tunaomba afisa aje aone.*

Chini yake walitia sahihi watu thelathini na mmoja. Ijumaa saa nne walipeleka nakala mbili. Moja ilibaki ofisini. Ya pili iligongwa mhuri na tarehe, wakarudi nayo.

"Hii msiipoteze," alisema Bi Rula. "Bila mhuri, mtu anaweza kusema hamkuandika."

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kinyozi alisahau yote aliyoambiwa. Alisimama na kupayuka kwamba ofisi ya mji haijali watu. Wengine walipiga meza. Afisa alikunja karatasi zake.

"Kama ni kelele, mkutano naufunga hapa."

Fundi alisimama. "Kinyozi, kaa kidogo, ndugu yangu." Kisha akasema, "Mheshimiwa, mimi ndiye niliyeng'oa vigingi vyenu."

Kinyozi alitazama sakafu.

"Nilikosea, kwa sababu sikusoma. Sasa tumesoma. Barua yetu iko kwako, imepigwa mhuri jana. Hatuukatai mtaro. Tunaomba njia ya kuingilia."

Afisa alifungua barua. Alisoma, akakuna kidevu. "Mtaro wa wazi una sababu," alisema. "Ukifunikwa, taka zinaziba ndani, hamzioni. Mvua ikija, maji yanarudi kwenu."

Lilikuwa jibu la kweli, na watu walianza kunong'ona. Mama Vifungo aliinuka.

"Basi mifuniko isijengewe moja kwa moja. Iwe vipande vya kuinuliwa na watu wawili. Kila duka lisafishe mbele yake kila mwisho wa wiki, na tuchague watu wa kusimamia."

"Mtafanya kweli?"

"Andika majina yetu."

Afisa hakuahidi kitu. Lakini Jumatatu alikuja. Mistari ya chaki ilikuwa imefifia, Fundi akaichora upya. Afisa alisimama katikati yake, akamtazama mama akijaribu kupita na fimbo. Aliandika jambo kwenye daftari, akaondoka.

Wiki tano walingoja. Wengine walisema wamedanganywa. Mama Vifungo alikwenda ofisini mara tatu na nakala yake yenye mhuri. Mara ya tatu alionyeshwa mchoro mpya. Mifuniko ilikuwepo mbele ya milango yote.

Hawakupata kila kitu. Kibaraza cha Kinyozi kilikuwa kimejengwa nje ya mpaka wake, kikavunjwa. Alinuna mwezi mzima. Ujenzi ulileta vumbi, na kwa siku nyingi wateja walikuwa wachache. Lakini mvua kubwa za kwanza zilipokuja, maji yalipita chini ya mifuniko kwa kishindo, yakaenda zake. Ndani ya duka sakafu ilikuwa kavu. Mama alisimama juu ya zege na fimbo yake, akisikiliza.

Miezi michache baadaye, karatasi nyingine ilibandikwa kwenye nguzo. Ilihusu kituo kipya cha mabasi. Asubuhi ileile watu saba walikuwa wamesimama mbele yake, mmoja akisoma kwa sauti.

Mteja mmoja aliingia dukani, akakuta Fundi anavua aproni.

"Na kiatu changu?"

"Saa nane utakipata. Kinyozi ananisubiri nje, tunakwenda kuona mchoro."