Akina Mama Chance wa Uvira

Soko la Mulongwe halina huruma na mtu mwenye haraka. Huyu anakusukuma na beseni la ndagala, yaani dagaa, yule anakukanyaga na kukuomba radhi akiwa ameshafika mbele, na muziki wa wauza simu unakutoboa masikio. Eliane alipita katikati ya vurugu hizo kamera begani, kitenge chake cha buluu na njano kimekazwa kiunoni. Alitaka diski ya kuhifadhia picha, na mwuzaji alibaki na moja tu. Akanyoosha mkono, akaishika. Upande wa pili kulikuwa na mkono mwingine.

"Dada, minye njo nilianza kuishika," mwenye mkono akasema.

"Ulianza lini? Minye sikukuona."

"Juu ulikuwa unakuya mbio sawa muntu anafukuzwa."

Kijana alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na meno yake yalikuwa na mwanya ambao Eliane aliuona hata kabla hajataka kuuona. Jina lake Gracien, mkaaji wa Songo, mwandishi wa programu za kompyuta katika ofisi moja ya misaada. Hakuna aliyeachia. Watu wawili wazima wanavutana kitu kisichozidi kiganja, na mwuzaji anacheka mpaka anafuta machozi!

"Unataka kuiwekea nini?" Gracien akauliza.

"Uvira muzima. Mama yangu alipigaka foto pale Rugenge mpaka alipokufa, na minye nimeendelea. Harusi, batizo, kulipa dote ya binti, kilio. Mafuriko yalibeba albamu za bantu, sasa bote banakuya kwangu kutafuta sura za ndugu zao. Na weye, unataka kuiwekea nini?"

Gracien akaona haya. "Filme."

"Achia."

Akaachia. Lakini hakuondoka bila namba ya simu, huyo bwana.

Msiseme Eliane alimpigia kwa sababu ya mwanya tu. Alikuwa na shida ya kweli. Programu ya zamani ya studio ilikuwa ya kulipia, na kampuni iliyoitengeneza ilifunga milango. Picha zilibaki, ila majina yote aliyoyaandika chini ya nyuso yalifungiwa ndani ya kitu kisichofunguka tena. Miaka ya kazi, fyuu! Safari hii aliapa hatachagua programu kwa kupendezwa na rangi zake.

Gracien alifika studioni na mashini yake, kompyuta ya kubeba, akamwonyesha programu ya kwanza. "Hii iko muzuri sana. Lakini inatumika kwa internet tu."

"Internet ya hapa? Muntu akikufa, familia banakimbilia hapa asubuhi kuomba foto ya kuweka juu ya sanduku. Mpaka ifunguke, maiti imeshazikwa. Toa."

"Basi ile yenye alama ya ndege mudogo. Iko ya bure. Inatengenezwa na bantu ba kujitolea, kila mumoja kwao."

"Bangapi?"

"Zamani balikuwa bengi. Siku hizi, kusema kweli, bachache. Na muzee wao, mwenye kuiongoza, ameandika kama amechoka."

"Sasa kesho bote bakichoka?"

"Ndani yake yote iko wazi. Muntu yeyote anaweza kuendelea nayo."

"Muntu yeyote maana yake hakuna muntu! Mwaka ujao itakuwa namna gani? Mashini zikibadilika, itabadilika nazo?"

Gracien akaanza kucheka. "Eliane, unaiuliza maswali sawa muchumba."

"Nitaishi nayo. Acha niulize."

Gracien akamtazama yule dada alivyokunja uso mbele ya kioo cha mashini, na moyo wake ukamponyoka hapo hapo. "Bakichoka," akasema, "minye nitaendelea nayo."

Eliane akaichagua ile ya ndege. Alichagua na mengine, ila hayo hakuyasema siku ile.

Simu zikaanza kulia.

"Uko wapi, sheri?"

"Kavinvira, kwa batizo. Mutoto analia, padri amekasirika. Weye je?"

"Niko Kalundu, nakungojea na mukeke wa kuchoma. Unapoa."

"Usikule kichwa yake!"

"Nimeshakula."

"Gracien! Leo utanitambua!"

Na alipofika, amebadili viatu, amepaka wanja, alikuta kichwa cha samaki kipo, kimefunikwa vizuri kwa sahani. Walikula huku ziwa likipiga mawe mbele yao, na Eliane alijua kabisa kwamba anapenda.

Sasa sikilizeni kosa. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo linabaki kanisani na kwenye kadi ya uchaguzi. Mtaani ni Mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Na jina Chance limependwa Uvira kupita kiasi, kila mtaa una Chance wake. Kwa hiyo Eliane aliandika Mama Chance chini ya uso huu, Mama Chance chini ya ule, na programu ikamtunza kila mama peke yake. Ukitafuta jina, nyuso zao zinajipanga mbele yako, unachagua yule unayemtaka.

Gracien aliyajua haya, mama yake mwenyewe anaitwa Mama Gracien. Lakini mwandishi wa programu akiona kitu kimerudiwa, mikono inamwasha. Siku Eliane alipokwenda kupiga harusi Kiliba, akamwachia ufunguo wa studio, naye akaketi amfanyie mpenzi wake usafi wa majina. Programu ikamwuliza: majina haya yanafanana, niyaunganishe? Akajibu ndiyo. Haya? Ndiyo. Haya nayo? Ndiyo, yote! Akafunga mashini, akaondoka akipiga mluzi, ameridhika na nafsi yake.

Kesho yake asubuhi msichana mmoja akaingia studioni, macho yamevimba.

"Da Eliane, minye ni Chance wa Songo. Mama ametuacha jana. Tunazika leo nyuma ya saa sita. Albamu yetu ilienda na maji, hata simu yake haikuwa ya foto."

"Eh, Mungu wangu! Pole sana, mudogo wangu. Kaa. Foto yake iko hapa."

Akaandika jina. Kwenye kioo wakatokea akina Mama Chance wote. Wauza samaki, walimu, wanakwaya, vikongwe na vijana, maelfu ya picha chini ya mama mmoja asiyekuwepo duniani. Wakaanza kupekua moja moja, msichana akitikisa kichwa kwa kila uso: siye, siye, siye huyu. Simu ya Chance ikalia, nyumbani wakimwita, ikalia tena. Mwisho Chance akasimama, akaenda kumzika mama yake.

Msafara ulipopita barabara ya Rugenge, Eliane alikuwa mlangoni. Juu ya sanduku hapakuwa na picha, hata ndogo.

Akapiga simu.

"Uligusa mashini yangu?"

"Eeh, sheri! Umeona? Nilitaka ushtuke kidogo—"

"Mama ya muntu amezikwa bila sura, Gracien."

Upande wa pili Gracien akaketi chini.

"Rudisha vile ilikuwa," Eliane akasema.

"Sheri... hiyo programu haina namna ya kurudisha. Benye kuitengeneza habakuwaza kama—"

"Na weye ulizaliwa hapa, weye hukuwaza? Ulisema utaendelea nayo. Mwendelezo njo huu? Usinipigie tena."

Akakata. Gracien akapiga, hakupokelewa. Akafika studioni, akakuta kufuli limebadilishwa.

Mwingine angekwenda kunywa bia na kulaumu wanawake. Gracien alifungua mashini yake. Aligundua kwamba ndani kabisa programu inakumbuka kila ilichofanya, ila hakuna aliyewahi kuijengea mlango wa kurudi nyuma. Akawaandikia watengenezaji wa mbali. Mmoja akajibu kwamba watu wengi kuwa na jina moja ni kosa la mtumiaji. Gracien akamwandikia tena, akamweleza Mama Chance ni nani, na jinsi gani mwanamke alizikwa bila sura. Wakamwambia aiandike yeye sehemu hiyo ya programu, watatazama. Akaandika, wakaikataa. Akarekebisha, wakaikataa. Kila akitoka ofisini alirudi kwenye kazi ile ile, na hakukubali kushindwa.

Eliane naye hakukaa kulia. Alipeleka tangazo makanisani: kila Mama Chance wa Uvira afike studioni kujitambulisha. Wakafika! Viti vikaisha, wengine wakakaa juu ya makreti, vitenge vya kila rangi, kila mmoja akitafuta uso wake na kuunyooshea kidole. Katikati ya kelele hizo Gracien akatokea mlangoni, amekonda, mashini kwapani.

"Njo huyu alituunganisha?" akauliza Mama Chance mmoja, mwuza ndagala wa Kalundu. "Kumbe bwana yangu ako na bibi bote hawa na hakuniambia!"

Wakaangua kicheko. Eliane peke yake hakucheka.

"Umekuya kufanya nini?"

"Kurudisha."

"Ulisema haina namna."

"Haikuwa nayo. Sasa iko nayo. Bameikubali, Eliane. Muntu yeyote duniani akikosea sawa minye, atarudi nyuma. Na kwa kila jina unaweza kuandika mutaa wake. Muzee wao ameacha kazi, bameniomba nishike nafasi yake. Nimekubali."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nipate mwingine wa kumwachia. Siwezi kukudanganya kama ni milele. Lakini siondoki bila kukuambia."

Jibu hilo lilimwingia kuliko ahadi yoyote tamu. Hata hivyo alinyoosha kidole. "Usiguse. Simama pale, uniambie, nitafinya mwenyewe."

Gracien akasimama mikono nyuma, akimwelekeza. Eliane akabonyeza. Nyuso zikaanza kuachana, huyu kwake, yule kwake, na kina mama wakapiga vigelegele kila mmoja alipojiona yuko peke yake. Mwishoni akabaki mmoja asiyekuwa na wa kumpigia kelele. Alikuwa amevaa kilemba cheupe kwenye harusi ya watu, anacheka kwa meno yote, sahani mkononi. Wenzake wakamtambua: Consolate, Mama Chance wa Songo. Eliane akalia mbele ya wote bila kujificha.

Siku ya kuondoa kilio, kumaliza matanga, Eliane na Gracien walikwenda kwa kina Chance, picha imewekwa ndani ya fremu kubwa. Chance aliipokea, akaikumbatia, akaishikilia muda mrefu kabla ya kumpa kaka yake aitundike.

"Na huyu ni nani?" akauliza, akimtazama Gracien.

"Ni yeye aliyeharibu siku ile," Eliane akasema. "Na ni yeye amekurudishia mama."

Gracien akainamisha kichwa. "Unisamehe, dada."

Chance aliingia ndani, wakasikia vyombo vinagongana, akarudi na sahani mbili za bugali na samaki, akamwekea Gracien mkononi ile yenye kipande kikubwa.

"Kula," akasema. "Mama hakupendaka muntu atoke kwake na njaa."

Walipotoka, walitembea mpaka barabara kubwa, wakipishwa na pikipiki. Kisha Gracien akasimama. "Eliane, nataka kutuma bazee ba kwetu baje kwenu. Jumamosi."

Eliane akamtazama, akamtengenezea kola ya shati.

"Jumamosi niko na harusi ya bantu," akasema. "Baje Jumapili, nyuma ya misa."