Taa ya Juu ya Cherehani

Kila jioni Chiriku akirudi kutoka shule alikuwa na kazi tatu: kuosha vyombo vya mchana, kuokota nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, na kuwasha taa. Jina la Chiriku alipewa na baba yake kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Hata usingizini, baba alisema, yule mtoto hujibizana na watu. Kazi mbili za kwanza alizifanya kwa kununa. Ya tatu aliifanya amekaa kitako, miguu juu ya stuli, simu ya mama mkononi. Anagusa hapa, sebule inawaka. Anagusa pale, jikoni kunawaka. Anateleza kidole, mwanga unapanda au unashuka kama maji kwenye mfereji.

Taa hizo waliletewa na mjomba wake, mdogo wa mama, fundi umeme ambaye nusu ya mtaa ilimjua kwa begi lake la turubai lililojaa bisibisi. Zilikuwa balbu za kisasa, zisizokula umeme mwingi, nazo huamriwa kwa simu kupitia kisanduku cha mtandao kilichokaa juu ya kabati. Mama alizipenda upesi. Yeye alikuwa fundi cherehani, na kitambaa cheusi kilikuwa kimeanza kumtesa macho. Sasa alimwambia Chiriku, "Hebu nipandishie mwanga, mwanangu," na kila tundu la uzi likaonekana. Umeme wa kununua, ambao zamani haukufika mwisho wa mwezi, sasa ulifika na kubaki. Kwa kweli zilikuwa taa nzuri, na yeyote atakayesema vinginevyo anazionea.

Kulikuwa na jambo moja tu. Mama, kwa mazoea ya miaka mingi, alizima taa kwa swichi ya ukutani kila alipotoka chumbani. Swichi ikizimwa ukutani, simu nayo haina la kufanya. Balbu inakuwa imekufa.

"Mama, umezima tena huko!" Chiriku alilalamika. "Nitaiwashaje sasa?"

"Si uinuke uwashe? Miguu umeazima?"

Chiriku hakuinuka. Alichukua selotepu pana, ile nyeusi ya mjomba, akazifunika swichi zote za nyumba, akizungusha tabaka juu ya tabaka. Ile ya karibu na cherehani aliifunga vizuri kuliko zote.

Mjomba alipoiona alikuna kichwa. "Mpwa wangu, hii umeifunga kama kidonda. Na hapa kwenye cherehani mimi nilitaka tuache balbu ya kawaida. Mtu anayeshona asitegemee simu iliyo mkononi mwa mwingine."

"Lakini mjomba, mimi nipo kila siku! Na mama anataka mwanga wa kupandishwa."

"Haya bwana," mjomba akasema, kwa kuwa alimpenda. "Lakini mama yako akiwa kwenye cherehani, simu isivuke mlango."

"Haitavuka."

Zikapita wiki nne.

Jumatatu moja, jua likiwa limeshazama, mama alikuwa akishona sketi za shule arobaini, rangi nyeusi, za kukabidhiwa Ijumaa. Chiriku alichungulia, akaona mama ameinama, mguu uko kwenye pedali, mashine inanguruma. Akaichukua simu polepole, akasema anakwenda kuazima daftari la hesabu, akaenda nyumba ya nne kwa rafiki yake, msichana aliyeitwa Kibiriti kwa jinsi alivyokuwa mwepesi kuwaka.

"Nyumbani kwetu taa zinanisikiliza mimi," Chiriku alijigamba. "Hata nikiwa hapa."

"Acha uongo wako."

"Mimi mwongo?"

"Mwongo, tena mwongo wa kulipwa. Simu iko hapa, taa iko kule. Au una waya mrefu tumboni?"

Kwenye dirisha la Kibiriti ulionekana mwanga wa chumba cha kushonea, mraba mweupe kati ya nyumba zingine. Chiriku aliutazama. Alijua nani yuko chini ya mwanga ule na anafanya nini. Alijua, akagusa.

Mraba ukapotea.

Kibiriti alipiga kelele ya furaha, akaruka mpaka kandambili moja ikamtoka. "Washa! Washa tena!"

Chiriku akagusa. Kwenye kioo cha simu kikatokea kiduara, kikaanza kuzunguka. Akagusa mara ya pili. Kiduara kikazunguka. Mtandao ulikuwa umezubaa, kama unavyozubaa jioni watu wote wanapokuwa na simu mkononi. Alihesabu kimoyomoyo mpaka ishirini, na kule nyumbani giza lilikuwa lilelile. Alipofika thelathini hakusubiri tena, alitoka mbio.

Amri yake ya simu ilifika kwa kuchelewa: taa iliwaka alipokuwa mlangoni. Mama alikuwa chini, mgongo umeegemea ukuta, ameshika mkono wa kushoto kwa kitambaa cha sketi. Giza lilipomwangukia alishtuka, mguu ukakandamiza pedali badala ya kuiacha, na sindano ikapita kwenye kidole cha shahada, ikavunjikia humo. Kwa mkono mzima aliparuza ukuta akitafuta swichi. Kwenye selotepu kulikuwa na alama za kucha.

"Mama! Umeme umekatika?" Chiriku aliuliza. Maneno yalimtoka kabla hajayatafuta.

Mama aligeuza macho kwenye cherehani. "Mashine haikusimama," akasema.

Cherehani ile ilikuwa ya umeme. Chiriku akageuza maneno. "Basi ni taa. Itakuwa ni mbovu. Mimi nilikuwa nafanya hesabu, sijaigusa simu."

Zahanati walitoa sindano ikiwa vipande viwili. Daktari akasema imegusa mfupa na kiungo, na kwamba fundi asahau kushona kwa wiki sita, na kile kidole kikikunjika tena vizuri ni bahati. Ijumaa haikungoja wiki sita. Mwenye sketi alikuja keshoye, akatoa pole mbili tatu, akachukua kitambaa chake chote, akampelekea fundi mwingine.

Baba, mwokaji mikate, alirudi kutoka zamu yake na unga bado uko kwenye nyusi. Alimsikiliza mkewe, akamsikiliza binti yake, kisha akamwita mjomba. Hakumkaribisha kiti.

"Shemeji, ulituletea nini humu ndani?"

"Taa nimezipima mwenyewe, shemeji, kabla ya..."

"Umezipima! Dada yako atashona kwa kidole gani? Kwa hicho ulichopimia?"

Mjomba alipanda stuli, akaitoa balbu ya juu ya cherehani, akaifunga kwenye kitambaa kama yai, akaondoka nayo.

Habari haikuhitaji miguu. Kufika Jumatano, nyumba tatu za mtaa ule ambazo mjomba aliziwekea taa kama zile zilimtaka aje azing'oe. Mwenye duka la vyuma, aliyekuwa amemwahidi kazi ya jengo zima, alisema atafikiria, na kila mtu mzima anajua maana ya kufikiria.

Alhamisi mama alimtuma Chiriku ampelekee mjomba chakula. Alimkuta kwenye chumba chake kimoja, ameketi mbele ya ubao aliofungia holda ya kushikia taa, na ile balbu iko juu yake. Aliiwasha, akaizima. Akaiwasha, akaizima. Kando yake kulikuwa na karatasi iliyojaa vijistari.

"Unafanya nini, mjomba?"

"Nahesabu. Nimefika mia sita. Haijakosea hata mara moja." Macho yake yalikuwa mekundu. "Balbu ni nzima, mpwa wangu. Nyaya za kwenu nimezirudia zote, ni nzima. Basi lililobaki ni mikono yangu. Labda siku ile niliunganisha kitu vibaya, halafu leo sikioni. Fundi akianza kutoona makosa yake, afadhali auze vifaa."

Chiriku aliweka bakuli mezani. Alitoka. Alifika kwenye kona, akasimama, akasogea hatua tatu za kwenda nyumbani, akarudi.

"Mjomba, acha kuhesabu. Niliizima mimi."

Alisema yote akiwa amesimama mlangoni: dirisha la Kibiriti, kiduara, uongo wa kwanza na uongo wa pili. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaizima balbu mara ya mwisho, akachukua begi.

"Twende kwa mama yako."

Baba aliposikia alipandisha mkono, kisha akaushusha akatoka uani, akakaa huko peke yake. Aliporudi alimwendea mjomba, akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, nilikutukana kwenye mlango wangu. Nisamehe." Wakapeana mikono, lakini haukuwa mkono wa zamani.

Mama hakupaza sauti. Kidole kilikuwa kimefungwa bandeji, kimesimama peke yake.

"Nilijua si umeme," akamwambia Chiriku. "Sikujua kama ni taa au ni wewe. Siku nne nimeomba iwe taa."

Chiriku akalia. Hakuna aliyembembeleza.

Mjomba alifanya kazi mpaka akamaliza. Alibandua selotepu zote na kumwonyesha mpwa wake jambo ambalo lilimuuma kuliko karipio: balbu zile, ukiizima swichi ya ukutani na kuiwasha tena, huwaka zenyewe, bila simu wala mtandao. Mama angeweza kuiwasha palepale, kama angeifikia swichi. Juu ya cherehani akafunga balbu ya kawaida. Zingine akaziacha, kwa sababu hazikuwa na kosa. Simu ikapewa neno la siri alilolijua mama peke yake.

Jumamosi asubuhi mjomba alimpitia Chiriku, wakaanza kuzunguka zile nyumba tatu. Katika ya kwanza Chiriku alieleza huku anatazama sakafu, na mwenye nyumba, mama mmoja mwenye duka la dawa, akasema taa zake zirudishwe. Katika ya pili mzee mmoja aliwasikiliza bila kufungua geti. "Nimekuelewa, binti," akasema, "lakini nimeshanunua zingine." Akarudi ndani.

Wakiwa njiani kwenda ya tatu, Chiriku akauliza, "Mjomba, umenisamehe?"

"Kuzima taa nilikusamehe palepale. Ule ni utoto, na mimi nilikuwa mtoto mbaya kuliko wewe." Alihamisha begi bega la pili. "Lakini uliniona nimekaa na balbu nzima, nahesabu kama mwendawazimu, na ulikuwa unajua tangu Jumatatu. Hilo bado. Hilo litachukua muda, na sitakudanganya kwamba limekwisha. Kosa lako la Jumatatu lilikuwa la mtu mmoja kumuumiza mmoja. Kila siku uliyonyamaza uliliongezea mtu mwingine: baba yako, mimi, watu wa nyumba hizi. Ukikosea tena, na utakosea, sema siku ileile, hata kama sauti inatetemeka. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Basi futa uso. Imebaki nyumba moja, na huko utabisha hodi wewe."